Lala Chini Kwanza, Ndipo Ununue Dabo Kebini

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Mbezi alinikuta gereji Jumamosi asubuhi. Aliegesha Hilux yake nyeupe ya milango minne, akashuka, hata salamu haijaisha akasema: "Kaka, hii gari nikiipakia saruji, usiku taa zinamulika minazi."

Wateja wengi huja na maelezo marefu yasiyo na kichwa wala miguu. Huyu alimaliza kila kitu kwa pumzi moja. Gari likiinua pua, taa zinapanda juu, usukani unakuwa mwepesi mithili ya baiskeli, na breki za mbele, ambazo ndizo zinazofanya kazi kubwa ya kusimamisha gari, zinakosa uzito wa kushikia. Yote hayo yamo ndani ya ile minazi. Nikamuuliza anapakia mifuko mingapi. Akasema 20. Na ndani wanakaa akina nani? Dereva, vijana 2 wa kupakua, na mara nyingi yeye mwenyewe, "maana nikiwaacha peke yao saruji inapungua njiani."

Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani moja kamili. Aliponunua gari aliambiwa linabeba tani moja, na kweli dabo kebini nyingi za aina hiyo huzunguka hapo hapo, nyingine zikipungua kidogo. Asichoambiwa ni kwamba tani hiyo ni ya kila kitu ambacho gari halikutoka nacho kiwandani. Dereva amo, abiria wamo, kanopi imo, bampa la chuma na keria ya juu vimo. Watu wanne wazima wameshakula karibu kilo 300 kabla mfuko wa kwanza haujapanda. Kwa hiyo mama yule alikuwa akibeba tani na robo na ushee, na alidhani anabeba halali yake.

Lakini uzito haukuwa tatizo peke yake. Nilichukua futikamba nikampimia. Bodi ya dabo kebini ya Hilux ina urefu wa mita 1.5 hivi. Pikapu ya kebini moja ya ukoo huohuo ina bodi ya mita 2.3 hivi. Umbali kutoka tairi za mbele hadi za nyuma ni uleule kwa zote mbili, mita 3.085. Maana yake, wakati milango miwili ya nyuma ilipoongezwa, haikuongezewa gari. Ilichukua nafasi ya bodi, tena ikaichukua upande wa mbele, palepale ambapo mzigo ulikuwa unakaa vizuri kati ya ekseli mbili. Kilichobaki ni kile kipande cha nyuma, na zaidi ya nusu yake kinaning'inia nyuma ya ekseli.

Hapo inaingia hesabu ya wenzo, ileile ya darasani. Weka pipa la kilo 200 karibu na mlango wa bodi, mita moja nyuma ya ekseli. Ekseli ya nyuma haibebi kilo 200, inabeba kama 265. Zile 65 za ziada zimetoka wapi? Zimenyanyuliwa kutoka tairi za mbele. Sasa fikiria vijana waliochoka, saa 12 jioni, hawapendi kuingia ndani ya bodi wameinama na mfuko begani. Wanarundika mifuko pale mlangoni. Pua itaacha kupanda kwa nini?

Kabla hajafika kwangu, kuna fundi alishamshauri aongeze vyuma kwenye springi za nyuma, na akamwongezea viwili kila upande. Mkia ukaacha kuzama, mama akafurahi wiki moja. Lakini chuma cha springi hakipunguzi mzigo hata gramu moja, kinauficha tu. Chasisi inaendelea kubeba uleule, na kona ya nyuma ya kebini, mahali ambapo chasisi hupinda gari likizidiwa, inaendelea kuumia kimyakimya. Halafu gari likiwa tupu linaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Watoto wake walikuwa wameanza kukataa kupanda.

Hilo la watoto ndilo lililonifanya niandike safu hii. Mama yule hakununua dabo kebini kwa sababu ya saruji peke yake. Alitaka gari moja lifanye biashara Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili lipeleke familia kanisani bila aibu. Nusu ya wanaoniuliza kuhusu magari haya wana ndoto hiyohiyo: usukani wa shangingi, mgongo wa pikapu. Na wauzaji wanaijua ndoto hiyo vizuri kuliko wanavyolijua gari lenyewe.

Msimamo wangu ni huu, na nimeushikilia muda mrefu. Gari linalochanganya mambo haya mawili halichanganyi nusu kwa nusu. Tangu kwenye meza ya mchoraji, kuna upande ulishashinda, ama kiti ama mzigo. Umbo la nje limetengenezwa ili usijue ni upi. Springi za nyuma ndizo zinazosema kweli, na ili uzione inabidi ulale chini.

Ndoto ya kanisa na biashara ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1930 mke wa mkulima mmoja wa Australia aliwaandikia Ford barua. Alitaka gari ambalo mumewe atampelekea kanisani Jumapili bila kunyeshewa, na Jumatatu litabeba nguruwe kwenda sokoni. Mchoraji kijana wa Ford mjini Geelong, Lew Bandt, akapewa kazi. Alichukua gari dogo la watu wawili, akaunganisha bodi ya mzigo na kebini kuwa umbo moja, na mwaka 1934 likatoka gari ambalo Waaustralia wameliita "ute" hadi leo. Bandt mwenyewe alifariki mwaka 1987 kwa ajali, akiendesha ute ya 1934 aliyokuwa ameikarabati. Ford walitengeneza ute ya mwisho ya Falcon mwaka 2016.

Ukiisoma barua ile kwa makini, utaona watoto hawamo. Bandt alifaulu kwa sababu aliombwa viti viwili tu. Mara abiria walipoongezeka hadi watano, mambo yakaharibika, kwa sababu urefu wa gari una mwisho na sentimita moja haiwezi kukaliwa na goti la abiria na mfuko wa saruji kwa wakati mmoja.

Wamarekani waliwahi kulijibu swali hili kwa kituko. Mwaka 1964 serikali ya Rais Lyndon Johnson ilianza kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa magari madogo ya mizigo kutoka nje. Chanzo chake hakikuwa magari. Ilikuwa ni kulipiza kisasi kwa Wazungu wa Ulaya waliowekea ushuru kuku wa Marekani, na mpaka leo unaitwa ushuru wa kuku. Subaru walipotaka kuuza pikapu yao ndogo iitwayo Brat mwishoni mwa miaka ya 1970, wakafunga viti viwili vya plastiki ndani ya bodi, vinatazama nyuma, vina vishikio vya mkono. Kwa viti hivyo gari likahesabiwa kuwa la abiria na ushuru ukashuka. Ronald Reagan alikuwa na Brat shambani kwake California. Sisi tuliokulia kwenye nchi ambazo watu hupanda nyuma ya pikapu kwa shida, tunashangaa kuona nchi tajiri ikifunga viti hukohuko kwa ajili ya forodha.

Usicheke sana, maana mchezo huo haukufa. Ford walikuwa wakiingiza gari lao la Transit Connect Marekani likiwa na viti vya nyuma, kisha wanaving'oa baada ya kupita bandarini na kuliuza kama gari la mizigo. Mwaka 2024 walikubali kulipa dola milioni 365 kumaliza kesi hiyo.

Jaribio la akili kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Chevrolet Avalanche, iliyouzwa kuanzia 2001 hadi 2013. Ilijengwa juu ya mifupa ya Suburban, lile gari refu la abiria ambalo kwenye filamu hubeba walinzi wa marais. Kati ya kebini na bodi waliweka ukuta unaokunjika. Ukiukunja pamoja na viti vya nyuma, bodi ya mita 1.6 inageuka karibu mita 2.5, na ubao wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4 unalala wote ndani huku mlango wa nyuma umefungwa. Mtu aliyewahi kubeba plaiwudi kwenye dabo kebini ataelewa kwa nini ninaipigia makofi. Kwenye Hilux upana kati ya matao ya matairi ni kama mita 1.1, na ubao una mita 1.22, kwa hiyo haulali sakafuni. Unapanda juu ya matao, unatoka nje karibu mita nzima, unafunga kitambaa chekundu, unaomba trafiki wasikuone.

Hata hivyo, ukuta ule ulikuwa ni kukiri kosa. Ulisema wazi: abiria na mzigo hawakai pamoja, chagua. Ukikunja ukuta, watoto washuke, na vumbi na mvua viingie hadi kwenye dashibodi. Chini ya mkia, Avalanche ya kawaida ilikuwa na springi za koili kama gari la abiria, na ile ya kazi nzito ikawekewa springi za vyuma bapa. Jina moja na sura moja, lakini chini mshindi alikuwa tofauti. General Motors wameurudisha ukuta huo kwenye Silverado yao ya umeme, nami nimefurahi.

Honda walikwenda njia nyingine na Ridgeline yao ya mwaka 2005. Hawakuficha kitu: hili ni gari la abiria lililokatwa mgongo. Halina chasisi ya ngazi iliyo peke yake kama Hilux, na tairi za nyuma kila moja inapanda na kushuka kivyake. Kwa sababu hakuna ekseli nzima inayopita katikati, chini ya sakafu ya bodi walipata nafasi ya kuweka kasha lenye kufuli na tundu la kutolea maji, na Wamarekani hawakuchelewa kulijaza barafu na soda. Linabeba kama kilo 700. Wapenda pikapu walilicheka. Wenye nalo hawakujali, kwa sababu walijua walichonunua, na hicho ni kitu adimu katika biashara hii.

Kuna gari moja linalonibishia, na ni haki nilitaje. Fiat Toro, linalotengenezwa Goiana kaskazini mashariki mwa Brazil tangu 2016, limejengwa kama Ridgeline, umbo moja bila chasisi ya ngazi, springi za koili, na bado lile la dizeli limepewa uwezo wa tani moja. Mlango wake wa nyuma umekatwa mara mbili, unafunguka kama kabati. Kwa hiyo koili peke yake si ushahidi wa udhaifu. Ninachoweza kusema ni kwamba tani moja kwenye lami ni jambo moja, na tani moja kila siku kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi ni jambo lingine, kwani pale kila wimbi ni nyundo. Springi za vyuma bapa zinasamehe ujinga. Chuma kimoja kikikatika unakifunga kwa waya na kufika Dodoma. Koili ikikatika, umekaa.

Kwetu huku jibu lilikuja kwa njia ya kinyume. Hatukuchukua gari la abiria tukalikata mgongo. Tulichukua pikapu tukaifunika. Wenye umri wangu wanaikumbuka Surf. Ile ya kwanza ya mwaka 1984, ambayo Marekani iliitwa 4Runner, ilikuwa Hilux kabisa, yenye kofia ya faibaglasi juu ya bodi na viti nyuma. Ukifungua boliti ukaivua kofia, pikapu inakuchungulia. Miaka 20 baadaye Toyota walilifanya jambo hilo kwa mpango mkubwa. Mwaka 2004 walizindua nchini Thailand mradi wa kujenga Hilux, Fortuner na Innova juu ya msingi mmoja. Ford nao wamefanya hivyo kwa Ranger na Everest, Isuzu kwa D-Max na mu-X, Mitsubishi kwa L200 na Pajero Sport.

Linganisha Hilux na Fortuner uone mshindi anavyobadilishwa bila watu kujua. Injini ni zilezile za dizeli za lita 2.4 na 2.8. Chini, kwa mbele, yanafanana kama pacha. Lakini Fortuner imefupishwa sentimita 34 kati ya tairi za mbele na za nyuma, na nyuma zile springi za vyuma bapa zimetolewa, zikawekwa koili na mikono minne ya kushika ekseli. Hiyo tu. Gari lililokuwa likirusha abiria sasa linatulia, na gari lililokuwa likibeba tani sasa linalalamika kwa nusu yake. Hakuna uchawi katikati. Aliyekuambia kuna dabo kebini inayobeba kama Hilux na kutembea kama Fortuner, mwulize aliwahi kuvaa viatu vyake vyote kwa mpigo.

Mercedes-Benz walijaribu uchawi huo. Mwaka 2017 wakachukua Navara ya Nissan, ambayo tayari ilikuwa na koili nyuma, wakaipanua, wakaivisha ngozi, wakaiita X-Class. Ilitengenezwa Barcelona kwenye kiwanda cha Nissan, na kufikia katikati ya 2020 ilikuwa imekwisha. Mwenye hela ya Mercedes alitaka shangingi, na mwenye mzigo alitaka kubaki na hela yake.

Mtauliza kwa nini basi watengenezaji hawaachi. Jibu moja ni kodi. Forodha duniani, na Afrika Mashariki imo, inaweka magari ya kubeba watu kwenye fungu la 8703 na ya kubeba bidhaa kwenye fungu la 8704. Dabo kebini imesimama mlangoni mwa mafungu hayo mawili, mguu mmoja huku na mwingine kule. Uingereza kwa miaka mingi dabo kebini yenye uwezo wa tani moja ilihesabiwa kuwa gari la kazi, na mwenye kampuni akapata nafuu kubwa ya kodi. Basi ghafla kila mkurugenzi akawa anahitaji bodi nyuma. Mamlaka ya kodi ikatangaza kuifuta nafuu hiyo Februari 2024, ikaurudisha uamuzi nyuma ndani ya wiki moja kwa kelele za wakulima na wauzaji, kisha tangu Aprili 2025 ikaifuta kweli. Kwa hiyo unapoona gari limeandikwa kilo 1,000 na ushee kidogo, ujue tarakimu hiyo huenda ilimtazama mhasibu kabla ya kumtazama mkulima.

Na wewe uliyenunua kwa matumizi ya nyumbani kisha ukaanza kubebea watu mizigo kwa malipo, kaisome bima yako leo. Kampuni ya bima inajua tofauti ya matumizi hayo mawili hata kama wewe huijui.

Sasa nirudi yadi, maana huko ndiko hela inakopotelea. Wengi hununua dabo kebini iliyotumika na huambiwa "hii ni ya Japani." Kwa Hilux, fahamu kwamba Toyota waliacha kuiuza Japani mwaka 2004 na hawakuirudisha hadi 2017, na hata hiyo waliyoirudisha ilitoka Thailand. Ukiambiwa Hilux ya 2011 ilitumiwa na mwalimu mstaafu wa Osaka, msalimie mwalimu huyo. Nyingi za miaka hiyo zenye usukani kulia zilitumika Thailand, Afrika Kusini au Uingereza. Thailand hakuna theluji. Uingereza ipo, na wakati wa baridi barabara humwagwa chumvi, na chumvi ile hukaa ndani ya chasisi ikila taratibu. Huko kwao malalamiko ya Navara za muundo wa D40 kukatika chasisi kwa kutu yalifika hadi kwenye televisheni. Gari kama hilo likishapigwa rangi nyeusi mpya chini na kupandishwa meli, huwezi kulitambua ukiwa umesimama.

Kwa hiyo husimami. Unalala. Anza kwenye tao la chasisi juu ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo matope hukwama. Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya boga. Kama rangi nyeusi ni mbichi na kila kitu kingine ni kikuukuu, gonga mara mbili. Hesabu vyuma vya springi pande zote mbili. Kimoja kikiwa na rangi tofauti na wenzake, kimeongezwa, na walioongeza walikuwa na sababu. Halafu simama ubavuni uangalie mwanya kati ya kebini na bodi. Unatakiwa kuwa sawa juu na chini. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, chasisi imeinama, na gari hilo limeshabeba saruji ya mtu.

Mwisho ingia, tena siyo mbele ambako muuzaji anakukaribisha. Kaa kiti cha nyuma dakika 10. Kwenye dabo kebini nyingi mgongo wa kiti cha nyuma umesimama wima, kwa sababu ukuta wa kebini uko palepale nyuma yake. Safari ya Dar kwenda Moshi kwenye kiti hicho ni toba. Mjumbe wa mradi analipwa posho kukaa pale. Mama mkwe wako halipwi.

Nisieleweke kwamba nayachukia magari haya. Kuna kazi ambayo hakuna kingine kinachoiweza. Wataalamu 4 wenye vipimo, jenereta na chakula cha siku 5 kuelekea kijiji ambacho barabara yake ni ya msimu, hao ndio dabo kebini ilitengenezewa, na ndiyo maana ukizunguka Dodoma au Kigoma unaziona zimejaa namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili, na za serikali. Mkulima mwenye vibarua na pampu ya maji vilevile. Wanapanda watu, kinapanda kitu kizito kiasi, njia ni mbaya, na hayo matatu yanatokea siku moja. Yakitokea siku tofauti, unalipa bei ya magari mawili na kupata robo tatu ya moja.

Wanaoniuliza kuhusu zile mpya za Kichina zenye umeme na petroli pamoja, nawapeleka kulekule chini. BYD Shark, inayouzwa Australia, na tangu 2025 Afrika Kusini, ina koili na tairi za nyuma zinazojitegemea, inakwenda kwa kasi ya kutisha, na toleo la Australia limepewa uwezo wa kilo 790. Kiti kimeshinda, tena kwa mbali. Kwa wengi wetu tunaokaa mjini hilo ni jibu zuri na la kweli, mradi usimwambie mtu unakwenda kuibebea mchanga.

Mama wa Mbezi nilimtolea vile vyuma vya ziada, nikamwambia mifuko isizidi 12, ipangwe imegusana na kebini, na tairi za nyuma zipunguzwe upepo gari likiwa tupu, kama kibandiko cha mlangoni kinavyoelekeza. Akaguna. Mifuko 12 haimlipi. Miezi miwili baadaye akanunua kirikuu ya kuzungusha saruji mtaani kidogo kidogo, na oda kubwa anakodi Canter. Hilux imebaki ya familia na ya safari za shamba Kisarawe, na kwa matumizi hayo hana malalamiko isipokuwa ya mafuta.

Ukienda yadi wikiendi hii, beba kipande cha turubai cha kulalia, tochi na nyundo ndogo. Muuzaji akikuzuia usilale chini ya gari lake, mshukuru kwa muda wake, ondoka.